Paa la Mkunazini

Wanaolisifu Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, huanza na matao yake yenye ncha, wakalihesabu kuwa jengo la Kiingereza lililopotea njia. Hukumu hiyo ni ya haraka. Umbo ni la Uingereza, lakini mawe ni matumbawe ya pwani. Na paa, ambalo ndilo fahari ya kazi nzima, halikutegemea boriti. Askofu Edward Steere alichanganya matumbawe yaliyopondwa na saruji, akalikunja kama nusu ya pipa juu ya kuta nene. Ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Si ajabu basi kuwa alivitii vifaa vya nchi kama alivyoyatii maneno yake.

Msingi uliwekwa Krismasi ya 1873, miezi michache baada ya kufungwa soko la watumwa lililokuwa hapo. Madhabahu, yasemekana, ipo penye nguzo waliyochapiwa watumwa, wengi wao wakiwa wamekokotwa hadi Kilwa kutoka bara ya kusini, iliko leo Kilimarondo. Mwaka 1876 Steere aliwarudisha baadhi ya waliokombolewa, wakaanzisha makao Masasi. Jengo lenyewe halisemi habari zao, isipokuwa kwa bahati: nguzo chache za upande wa mlangoni zimesimama juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizigeuza Askofu alipokuwa safarini. Wengi huliita kosa. Walakini hapo tu ndipo mkono wa fundi unapoonekana, mbali na ramani ya bwana wake.