Kifurushi cha Wote, Duka la Nani?

Kwa miaka mingi aliyetaka programu yake itumike kwenye Linux aliandaa kifurushi cha .deb kwa watumiaji wa Debian na Ubuntu, kisha kingine cha .rpm kwa wale wa Fedora. Ili kuondoa adha hiyo zikaja njia za kufungasha mara moja tu: AppImage, Flatpak na Snap. Njia tatu, na kila moja yadai kuwa ya wote!

Wenzangu darasani hubishana ipi hufunguka upesi. Kwangu, swali zito ni nani anashika duka. Flatpak humruhusu yeyote kuanzisha hazina yake, ingawa wengi huishia Flathub. Snap sivyo. Programu inayokaa kwenye kompyuta yako iko wazi, lakini duka linaendeshwa na kampuni ya Canonical peke yake, na msimbo wa seva yake haujawekwa hadharani. Katika Ubuntu 20.04, aliyeandika amri ya apt kusakinisha Chromium aliletewa Snap. Ni sawa na kuagiza matoke ukaletewa posho, tena bila kuulizwa. Canonical walijitetea kwamba kuijenga Chromium upya kwa kila toleo la Ubuntu ni kazi kubwa. Nakubali ni kazi kubwa. Lakini mpishi aliyechoka humwambia mteja kabla ya kupakua. Mwaka huohuo, 2020, Linux Mint 20 ilizuia snapd isiingie mpaka mwenye kompyuta aruhusu, na naona walifanya haki.

Flatpak nayo sitaipamba. Hapa Kampala mwanafunzi huhesabu bando lake kwa megabaiti, na Flatpak ya kwanza huja na mazingira yake ya kuendeshea, mamia ya megabaiti, hata kama programu yenyewe ni ndogo. Watetezi wake husema mazingira hayo yatatumiwa na programu zijazo. Sawa, ila bando linaisha leo.

AppImage ni faili moja: naipakua, namgawia mwenzangu kwa flashi, anaipa ruhusa ya kuendeshwa, basi. Hakuna duka. Ila pia hakuna duka la kumjulisha kwamba toleo lake lina tundu la usalama lililokwisha kuzibwa. Ndiyo maana kivinjari changu ni cha Flatpak, na gharama yake nailipa nikinung'unika. Nyingine nazibeba kwenye flashi.