Agizo la Pili: Huduma Inavyofanikiwa na Kuharibika Katika Migahawa ya Kamba ya Houston

Kwaresima inapoingia hadi Mei inapoisha, migahawa inayouza kamba wa maji baridi mjini Houston, Texas, hufurika. Kwenye barabara ya Bellaire, kusini-magharibi mwa mji, ambako mabango ya Kivietnamu yamepangana kilomita kwa kilomita, jioni za Ijumaa magari huzunguka yakitafuta maegesho huku familia nzima nzima zikisimama nje kusubiri jina liitwe. Wakitoka, wateja wa ukumbi mmoja, usiku mmoja, hutoa hukumu mbili zisizofanana hata kidogo. Huyu anaapa hatarudi, yule ameshapanga kumleta shemeji yake wiki ijayo. Wote wawili wamekula kamba wa sufuria ile ile, na mara nyingine wamehudumiwa na mtu yule yule.

Wengi hudhani tofauti ni bahati, au tabasamu la mhudumu. Mimi naiona kwingine: katika agizo la pili, yaani namna mgahawa unavyoshughulikia wateja wanaotaka kuongezwa. Ili hilo lieleweke, inabidi kuanzia mbali kidogo na meza.

Kamba tunayemzungumzia ni mdogo, anaenea kiganjani, ana magando mawili na ganda linaloiva kuwa jekundu sana. Wataalamu humwita Procambarus clarkii. Wasomaji wa Kenya huenda wanamfahamu bila kujua, kwa sababu ndiye aliyepandikizwa Ziwa Naivasha karibu na mwaka 1970 na akazaliana humo kwa wingi. Nyumbani kwake ni majimbo ya kusini mwa Marekani, na Louisiana ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kamba wanaoliwa nchini humo. Huko wakulima wengi hutumia shamba moja kwa mazao mawili: baada ya mpunga kuvunwa, shamba hujazwa maji, na kamba huvuliwa kwa mitego ya waya toka majira ya baridi hadi mwanzo wa kiangazi. Kutoka Lafayette, katikati ya eneo hilo, hadi Houston ni kama kilomita 350 za barabara kuu.

Kamba husafiri wakiwa hai, ndani ya mifuko ya wavu yenye uzito wa kilo 14 hadi 18, na lazima wawe hai mpaka wanapotumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Aliyekufa mapema nyama yake hulegea na kuharibika. Kwa hiyo kila asubuhi mwenye mgahawa hufanya kamari: akichukua mifuko michache, kamba watakwisha usiku ukiwa bado mchanga, na akichukua mingi kupita kiasi, sehemu ya fedha yake itafia kwenye chumba cha baridi. Mteja anayefika saa tatu usiku na kuambiwa kamba wamekwisha huona uzembe. Mimi naona hesabu ya asubuhi, na mara nyingi ni hesabu ya mtu mwangalifu. Kosa ni kumwacha mteja huyo asimame foleni dakika 50 ndipo aambiwe.

Sasa twende jikoni. Kwa mapishi ya asili ya Louisiana, maji hutiwa chumvi, pilipili kali ya unga, ndimu, vitunguu na viungo vingine, kisha viazi, mahindi na soseji. Kamba huchemka kwa dakika chache tu, tatu hadi tano hivi baada ya maji kurudia kuchemka. Moto huzimwa, nao huachwa humo humo walowe robo saa, dakika ishirini, pengine hata nusu saa. Ladha huingia wakati huo wa kulowa. Hapo hakuna njia ya mkato. Mpishi akiwatoa mapema, mteja hupata kamba walioiva bila ladha. Akiwachemsha zaidi ili kufidia, nyama hushikana na ganda na kumenya kunakuwa kazi ngumu. Pia sufuria moja ina ukali mmoja: wote waliomo hutoka na pilipili sawa, awe anayekula ni babu aliyekulia Louisiana au mtoto wa miaka sita.

Wavietnamu wa Houston waliubadilisha mpango huu, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la kiufundi katika biashara hii yote. Wavietnamu walifika pwani ya Ghuba ya Mexico kwa wingi baada ya vita vya nchini kwao kumalizika mwaka 1975, na wengi wao waliingia kwenye uvuvi wa kamba wa baharini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 migahawa yao ilianza kuuza kamba waliochemshwa kwa mtindo wa Louisiana, kisha wakageuzwa ndani ya siagi iliyoyeyushwa yenye kitunguu saumu kingi, na kila jiko likaongeza vyake: mchaichai, machungwa, pilipili manga na limau. Mgahawa wa Crawfish & Noodles, uliofunguliwa mwaka 2008 kwenye barabara hiyo ya Bellaire, ulimfanya mpishi wake Trong Nguyen ajulikane Marekani nzima.

Wengi huzungumzia ladha. Mimi nataka utazame mtiririko wa kazi. Sehemu kubwa ya ladha imehama kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye bakuli. Sufuria huchemsha kamba wa watu wote, halafu mtu mmoja mwenye bakuli kubwa la bati huchukua ratili tatu za meza ya dirishani, anazimwagia siagi na pilipili kiasi walichotaka, anarusha na kudaka mara kadhaa, anamimina kwenye sinia. Bakuli linalofuata lina pilipili maradufu, la tatu halina kabisa. Mkupuo mmoja wa sufuria umegeuka kuwa maagizo kumi yasiyofanana. Kwa mteja, hii ndiyo huduma yenyewe: babu na mjukuu wanakaa meza moja, kila mmoja na sinia lake.

Lakini msongamano haukuondoka, umehamia kwa huyo mtu wa bakuli. Akilemewa, maagizo hupishana, na mtoto huletewa pilipili ya babu. Malalamiko mengi ya "nimeletewa nisichoagiza" huzaliwa hapo, kwenye hatua ya mita mbili ambayo mteja haioni. Jiko zuri huweka karatasi ya agizo juu ya sinia kabla bakuli halijaguswa. Jiko linalotegemea kumbukumbu huanza kuvurugika saa mbili usiku.

Tuje ukumbini. Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni ambayo leo kila anayesomea shughuli za uzalishaji huifahamu: idadi ya watu waliomo mahali ni sawa na kasi yao ya kuingia ukizidisha kwa muda wanaokaa. Tuchukue ukumbi wa mfano wenye meza 40. Kila kundi likikaa dakika 75, ukumbi unaweza kupokea makundi 32 kwa saa. Likikaa dakika 60, makundi 40. Dakika 15 za kila meza ni makundi manane zaidi kila saa, bila kuongeza kiti hata kimoja.

Dakika 15 hizo ziko wapi? Hutazipata kwenye kula, kwa sababu kumenya kamba hakuharakishwi. Unakishika kichwa kwa mkono mmoja na mkia kwa mwingine, unapinda na kuvuta, unabandua pete mbili za mwanzo za ganda, unabana ncha ya mkia, nyama inachomoka. Anayejua hutumia sekunde chache kwa kila mmoja, mgeni huhangaika. Na nyama yenyewe ni kidogo, karibu asilimia 15 ya uzito wa kamba. Ratili tatu, yaani kilo moja na robo na ushee, humpa mlaji kama gramu 200 tu za nyama. Ndiyo maana karibu kila meza huagiza tena. Mgeni ambaye hakuambiwa hesabu hii hudhani amepunjwa kwenye mizani.

Wakati umelala kati ya agizo la kwanza na la pili. Fikiria meza iliyomaliza sinia lake ndipo ikamtafuta mhudumu. Mikono imejaa siagi mpaka viwikoni. Hawawezi kushika menyu, hawawezi kugusa simu, na kumpungia mtu mkono unaodondosha mafuta ni aibu. Mhudumu akifika baada ya dakika sita, agizo linaingia foleni ya jikoni kama la mtu aliyeketi sasa hivi, na likikuta sufuria ndiyo kwanza imepakiwa upya, robo saa nyingine imekwenda. Muda wote huo maganda yanapoa mbele yao, mate yanawatoka kwa harufu ya meza ya jirani, na nje kuna familia ambayo meza hii ndiyo ingekuwa yao. Kuchelewa kumoja kumewaumiza wateja wawili, wa ndani na wa nje.

Mhudumu hodari hupita wakati sinia la kwanza limebaki nusu. Haleti menyu. Anauliza tu, "Niwaongezee tatu, pilipili ile ile?" Mteja anaitikia kwa kichwa. Anaondoka na ndoo ya maganda iliyojaa, anarudi na tupu pamoja na karatasi za kufutia mikono. Sinia la pili linatua la kwanza likiwa na kamba wawili watatu. Niliwahi kumtazama mama mmoja wa makamo akiendesha meza saba kwa namna hii katika ukumbi uliojaa pomoni, na sikumwona akikimbia hata mara moja. Alikuwa akitazama masinia badala ya kutazama nyuso. Meza zake ziliondoka mapema na zikaondoka zikicheka.

Nje nako huduma huharibika. Katika ukumbi mwingine wa barabara ya Bellaire, familia yangu ya watu wanane ilikaa nje tukiona watu wawili wawili waliokuja baada yetu wakiingizwa. Hasira ilipanda. Mgahawa haukuwa na kosa la upangaji, maana meza ya wawili haiwatoshi wanane, lakini hakuna aliyetuambia. Mtaalamu wa huduma David Maister aliliandika jambo hili mwaka 1985 katika makala yake kuhusu saikolojia ya foleni: kusubiri bila maelezo huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye maelezo, kusubiri usikojua mwisho wake hushinda kule unakokujua, na kunakoonekana kuwa na upendeleo hushinda kule kwa haki. Mpokezi wa mlangoni angesema, "Meza za wanane tunazo mbili, moja imeomba bili, nyingine ndiyo imeanza kula," tungesubiri kwa utulivu. Sentensi hiyo haina gharama.

Kuna suala la ujira pia, nalo si dogo. Kwa sheria ya Marekani mhudumu anayepokea bakshishi anaweza kulipwa na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 1991, na Texas inafuata kiwango hicho hicho. Bakshishi ikishindwa kumfikisha kwenye kima cha chini cha kawaida, mwajiri hutakiwa kufidia. Maana yake ni kwamba kipato cha yule mama wa meza saba kinategemea ridhaa ya wateja ambao hasira yao huenda imetoka mlangoni au kwenye bakuli, mahali asipo na mamlaka napo. Huo ni uonevu, na wenye migahawa wanaougawa mfuko wa bakshishi bila kurekebisha jiko wanamwadhibu asiyehusika.

Kuhusu bei nitasema machache. Kamba huuzwa kwa bei ya soko, na menyu nyingi hazitaji tarakimu. Ukame na joto la mwaka 2023 viliwaua kamba wengi mashambani Louisiana, na Machi 2024 gavana Jeff Landry alitangaza hali ya maafa kwa ajili ya sekta hiyo. Msimu huo kuna mahali ratili moja ilipita dola 10. Mteja anayeiona bei kwenye bili kwa mara ya kwanza ana haki ya kukasirika. Ubao wa chaki mlangoni unatosha.

Kwa wenye migahawa, hasa ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam wanaouza kamba na kaa kwa uzito, naomba waanze na jambo moja: wamfundishe kila mhudumu kuuliza agizo la pili sinia likiwa nusu, na jiko litenge sehemu ya kila mkupuo kwa ajili ya meza zilizokwisha kuketi. Nawe msomaji ukifika Houston kati ya Machi na Mei, nenda katikati ya wiki, uliza bei kabla ya kuketi, na usingoje sinia liishe ndipo uagize tena.