Pikipiki Iliyotumika Delta ya Rufiji: Kagua Fremu Kabla ya Injini

Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika kwa kawaida huanza kwa kuiwasha, akasikiliza mlio, akatazama moshi. Kwa Honda CB750 ya mwaka 1969, pikipiki iliyofungua zama za Wajapani za silinda nne, utaratibu huo una mantiki. Ina pistoni nne, kabureta nne zinazotakiwa kuvuta sawasawa, na kamshafti ya juu inayozungushwa na cheni. Silinda moja tu ikipungua mgandamizo, gharama ya kuifungua na kusaka spea zake inaweza kumshinda mwenye mali. Lakini ukaguzi wa aina hiyo ukiletwa Kibiti, kwenye delta ya Rufiji, unaweka kipaumbele mahali pasipostahili.

Bodaboda za huko, Bungu na Nyamisati, ni za ukoo mwingine. Honda CG125, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970, ilibuniwa kwa kuzingatia nchi ambako matengenezo hucheleweshwa: kamshafti ikawekwa chini, vali zikasukumwa kwa fito, cheni ya kamshafti ikaondolewa. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi. Hata Boxer, ambayo kamshafti yake iko juu, ina silinda moja, na fundi wa kawaida hubadilisha pistoni na ringi zake bila mitambo ya pekee. Injini hizi zinatengenezeka. Kinachoishinda gereji ni fremu iliyoliwa na chumvi. Maji ya bahari huingia kwenye mikono ya delta kila yanapojaa, na pikipiki inayopita kwenye matope ya mikoko au kupakiwa botini hubaki na chumvi katika kila ungio.

Kwa hiyo vua siti kwanza. Tazama chini ya betri, kwenye maungio ya kuchomelea na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhika fremu. Gonga kwa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu na kumwaga unga wa kutu. Rangi mpya sehemu hizo iongeze shaka. Fungua soketi za waya. Ukijani kwenye shaba ni dalili kwamba maji yameingia. Kisha soma namba ya chesisi shingoni mwa fremu na uilinganishe na kadi. Kutu ikiifuta, kuhamisha umiliki kunakuwa mtihani, hata injini iwe mpya.

Atasema mtu kwamba fremu huchomelewa. Keria, sawa. Shingo ndiyo inayoshika gurudumu la mbele na kuamua kama magurudumu yatafuatana. Ukichomelea chuma chembamba kilicholiwa, ufa huhamia pembeni ya kiraka. Mwingine atasema injini inayokula oili hula pia mapato ya kila siku. Ni kweli, ila hasara hiyo inahesabika: muulize fundi bei ya pistoni, ringi na kazi, uitoe kwenye bei ya muuzaji. Na anayedai pikipiki yake imetoka Dar es Salaam na haijagusa delta hana cha kupoteza, maana kuvua siti ni kazi ya dakika chache. Ubovu wa injini upunguze bei. Ubovu wa fremu uvunje biashara.