Kigezo cha Ampea katika Uteuzi wa Saketi za Kuendeshea Mota za Roboti Ndogo: Uhakiki

Hoja kwamba L298 inaifaa roboti ndogo kwa kuwa hubeba ampea 2 kwa kila mota, ilhali TB6612FNG hubeba 1.2 tu, ina kasoro ya msingi: inapima uwezo wa chipu na kuisahau betri. L298 imeundwa kwa transista za baipola. Kwa mujibu wa waraka wa kiufundi wa mtengenezaji, mkondo wa ampea 1 unapopita, volti zinazopotea ndani yake zinaweza kufikia 3.2. Betri ikiwa ya volti 6, mota hubakiwa na 2.8, na wati 3.2 hugeuka joto. Roboti husuasua, lawama, bila haki, huangukia programu. TB6612FNG, inayotumia mosifeti zenye ukinzani wa takribani omu 0.5, hupoteza nusu volti tu.

Hata hivyo, L298 haistahili kutupwa. Mota ya volti 24 haiathiriki sana na upotevu huo, na TB6612FNG haivuki volti 15. Tena, mota inapokwama mkondo hupanda ghafla, na ampea 3.2 za TB6612FNG ni za kitambo kifupi mno. Mkondo huo wa kukwama ndio uliopaswa kupimwa kabla ya chipu yoyote kuteuliwa.