Anayekataa Keki: Funzo la Uraia katika Tamthilia ya Kigogo

Mwalimu aliyewahi kusahihisha insha kuhusu Kigogo ya Pauline Kea anajua jibu la kawaida: Majoka ni dikteta, Tunu ni mwanamapinduzi. Si jibu baya, na alama hupatikana. Hata hivyo, jibu hilo linawagawa watu wa Sagamoyo katika mafungu mawili, waovu na mashujaa, na kumwacha mwanafunzi nje ya mchezo. Yeye si mtawala, wala hajioni shujaa. Makala haya yanashikilia kwamba funzo la demokrasia limo zaidi kwa wahusika wa kati, hasa Sudi, Ashua, Boza na Asiya.

Tuanze na wachongaji katika soko la Chapakazi. Wanatozwa kodi, ilhali soko ni chafu. Kenga anapoleta keki ya kuadhimisha uhuru, Boza anaipokea, Sudi anaikataa. Sudi anakataa pia kuchonga kinyago kinachotakiwa na utawala, licha ya kuahidiwa malipo manono. Msimamo huu haumwangushi Majoka siku hiyo. Unachofanya ni kufichua siri ya udikteta: unategemea mikono ya watu wa kawaida, ya kuchonga, ya kuoka na ya kupiga makofi.

Mtahiniwa akimwita Boza msaliti, asiishie hapo. Mkewe Asiya, yaani Mama Pima, ndiye aliyepata kazi ya kuoka keki hiyo, na biashara yake ya pombe huko Mangweni inastawi chini ya utawala huohuo. Nyumba yao inakula kwa Majoka. Ashua naye anasukumwa na njaa ya watoto hadi ofisini kwa Majoka, na anaishia kufungiwa. Msimamo wa Sudi, basi, unalipiwa na mkewe. Mwanafunzi wangu mmoja hapa Moi's Bridge aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, Sudi akikataa pesa, watoto wale nini?" Swali hilo ni zito kuliko orodha ya sifa za wahusika.

Tamthilia inalijibu kwa tendo. Siku ya sherehe, umma unaacha kuhudhuria na kukusanyika kwenye lango la soko lililofungwa. Kukataa kwa mtu mmoja kulimwangukia Ashua. Kukataa kwa wengi kunamwangukia Majoka. Huu ndio uraia tendaji.

Upungufu upo. Utatuzi ni wa haraka mno. Hatuoni asubuhi inayofuata: nani atasafisha soko, na nani atakagua kodi? Wakenya wanalijua pengo hili. Mnamo Juni 25, 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni na wengine wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Mswada uliondolewa, lakini kazi ya kufuatilia matumizi ya fedha za umma haikuondoka.

Hapa ndipo mwalimu aifungue Katiba ya 2010 kando ya tamthilia. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa. Hiyo ndiyo haki ya Sudi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Cha 37 kinaruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha.

Zoezi ni rahisi. Wanafunzi waandike barua rasmi kwa niaba ya wachuuzi wa Chapakazi: wataje tatizo, haki iliyokiukwa, anayewajibika na wanachodai. Katika mji wa sokoni kama wetu, ambako nyumba nyingi huishi kwa kuuza mahindi na mboga, hakuna atakayekosa la kuandika. Kwa barua moja, fasihi, uandishi wa kiuamilifu na uraia vinafundishwa pamoja.

Mtahiniwa akiulizwa ni nani aliyemwangusha Majoka, amtaje Tunu, naam. Kisha awataje wote ambao siku ile hawakwenda kwenye sherehe.