Maji Mahali Pake

Handeni hakuna bahari, na Korogwe vilevile. Anayetaka kumwona fundi wa boti akiwa kazini itambidi aufuate Mto Pangani uendako: upite Korogwe, ushuke Hale penye mitambo ya umeme wa maji, mpaka mji wa Pangani unakokutana na Bahari ya Hindi. Matope yanayosaga mashine za wavuvi kule chini wakati wa masika yametoka huku kwetu, yameteremshwa na Mkomazi na Luengera kutoka milima ya Usambara. Kwa hiyo sioni haya kuusifu ufundi ambao sehemu ya usumbufu wake tumeichangia sisi.

Wengi hudhani fundi wa boti ni fundi wa injini aliyehamia ufukweni. Mimi naona kazi yake hasa ni kuyatawala maji: kuyafikisha yanakohitajika na kuyazuia kwingine kote. Mtu wa Handeni anaweza kuielewa kazi hiyo haraka kuliko wengine. Maji ya bomba huko yanavutwa kutoka mto huuhuu, upande wa Korogwe, na pampu ikigoma, madumu hupangwa foleni na watu hukumbuka malambo.

Injini ya kupachika, ile ambayo Ole Evinrude aliiingiza sokoni Marekani mwaka 1909 na ambayo leo pwani yetu tunaijua zaidi kwa jina la Yamaha, haina rejeta. Hunywa maji yaleyale inayoyakata. Ndani ya mguu wake, juu ya giaboksi, mna gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, nalo ndilo impela. Likizunguka hufyonza maji na kuyapandisha kwenye mwili wa injini, kisha sehemu ndogo hurushwa nje kwa nyuma ili nahodha aione. Mashine inakojoa, watasema wavuvi, na hakuna anayeona aibu kulisema hilo mbele ya wageni. Mkojo ukikatika, zimebaki dakika chache pistoni ikwame. Impela nayo haivumilii ukavu: iwashe injini nchi kavu ili uisikie tu, na mapezi yataungua kabla hujamaliza kujisifu.

Fundi mzuri hangoji mkojo ukatike. Hufungua mguu, huyakunja mapezi kwa kidole, na yasipojinyoosha huibadilisha impela hata kama jana ilileta boti salama. Akikuta pezi moja halipo, hafungi mpaka alipate, maana limekwenda kuziba njia ya maji huko juu. Mwenye boti hununa: mbona ilikuwa inafanya kazi? Hapo ndipo heshima yangu kwa fundi inapoanzia. Anaomba kulipwa kwa balaa ambalo halitatokea, na hana cha kuonyesha ila kipande cha mpira kilichochoka. Jioni huutumbukiza mguu kwenye pipa la maji baridi na kuiacha injini iungurume kwa muda ili chumvi itoke. Mtu wa Handeni atakunja uso kuona pipa zima likichafuliwa hivyo, nami simlaumu.

Kwenye mafuta, maji ni adui mtupu. Ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na bomba la kufyonza nalo linaanzia huko chini. Boti ikiwa imetulia mtoni mambo huenda. Ifike kwenye mlango wa mto, mkondo unapogombana na mawimbi, tangi litikisike, matone yapande hadi kwenye kabureta: injini itazima mahali pabaya kuliko pote. Vinasaba ambavyo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuviweka kwenye mafuta mwaka 2010 vinasaidia kumnasa mchakachuaji wa mafuta ya taa; haviinasi mvua iliyoingia kwenye dumu lisilofungwa vizuri. Fundi hupima kwa njia ya kizee: humimina kidogo kwenye chupa nyeupe, huiacha itulie, kisha hutazama kama kuna mstari chini.

Fundi pikipiki wa Korogwe akiteremka Pangani, kabureta hatafundishwa. Lakini injini ikizima baada ya mwendo kidogo, mkono wake utakimbilia plagi, wakati mwenyeji ataanzia kwenye kifuniko cha tangi, kwa sababu tundu la hewa likisahauliwa limefungwa, mafuta hayapandi. Kisha atakibonyeza kipira kilicho kwenye mpira wa mafuta aone kama kinakuwa kigumu. Atajifunza pia kuchanganya kwa kipimo. Mashine nyingi za tu-stroki hutaka oili sehemu moja kwa petroli hamsini, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Wapo wanaokadiria kwa macho; plagi zao nyeusi huwasema.

Giaboksi huchunguzwa kwa kulegeza skrubu ya chini. Yakitangulia maji, au oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, sili imekatika. Mara nyingi mkosaji ni mshipi wa mvuvi uliojisokota nyuma ya pangaboi ukaukata mpira kimyakimya, kwa hiyo pangaboi huvuliwa hata kama halina kasoro.

Usukani hupuuzwa kuliko vyote. Boti ndogo huongozwa kwa mkono, lakini zile zinazopeleka watalii kisiwa cha Maziwe aghalabu zina gurudumu na kebo. Chumvi hukauka ndani ya bomba la kebo, usukani unakuwa mzito, nahodha anaongeza nguvu badala ya grisi, na siku moja kebo inakatika. Fundi hurudisha kebo ndani kwanza ndipo apake. Akijaza grisi ikiwa imetoka nje, inaweza kuganda humo na kuufunga usukani kabisa. Halafu huzungusha kushoto na kulia, injini imezimwa, akisikiliza kwa viganja.

Chini ya mguu kuna kipande cha zinki kilichowekwa ili chumvi ikile chenyewe na kuiacha aluminiamu. Kikishachakaa huwa na sura mbaya kweli, na mwenye boti mmoja alitaka kipakwe rangi ya buluu ifanane na ubavu.

"Mzee, nikikipaka rangi hakitafanya kazi. Chumvi itahamia kwenye mguu."

"Basi, mwanangu, paka upande wanaouona wageni."