Ngoma na saa yake



Zamani watu walibishana kama ngoma inaweza kuingia kanisani. Mabishano yale yamekwisha. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturjia, ulitambua kwamba mataifa ya misioni yana muziki wao, wenye nafasi kubwa katika dini na maisha yao, nao ukataka muziki huo upewe heshima yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, ndiyo Misa tunayoiita ya Kikongo. Basi, mlango ulikwisha kufunguliwa. Sisi tunauliza neno lingine: ngoma iliyoingia, tunaipiga namna gani?

Kwa wazee wetu hapakuwa ngoma ya bure. Kulikuwa ngoma ya arusi, ngoma ya kilio, ngoma ya mavuno, ngoma ya kumpokea mkubwa wa inchi. Mpigaji alipasha ngozi motoni hata sauti ikakaza, lakini mbele ya kupiga alijua kwanza watu wamekusanyika kwa sababu gani. Aliyepiga ngoma ya arusi penye maiti alihesabiwa kuwa mtu asiye na akili, hata kama mikono yake ilikuwa hodari.

Tazameni tena agwara za Waalur wa Mahagi na Walugbara wa Aru, zile tarumbeta ndefu zinazopulizwa kwa ubavu. Kila mtu ana sauti yake moja ao mbili tu. Peke yake hawezi kutoa wimbo. Sherti amsikilize mwenzake, angoje zamu yake, apulize, kisha anyamaze. Wimbo unazaliwa katikati yao wote, na mchezo unaufuata. Nani atasema kwamba hapo hakuna fundisho kwa wakristu?

Hekima hii ilionekana vizuri katika Missa Luba, iliyotokea Kamina, katika Katanga, mwaka 1958, kwa kazi ya Padri Guido Haazen na waimbaji wake. Wengi wanaisifu kwa sababu ya ngoma zake. Sisi tunaona uzuri wake pahali pengine. Kwa Kyrie walifuata ginsi ya kasala, ambayo Waluba wanaiimba katika kilio. Kwa Hosanna wakatwaa mapigo ya mchezo wa Kasai. Maana yake, waliuliza kwanza maneno yanasema nini: huyu anaomba huruma, yule anashangilia. Nyuma ya hapo ndipo walipochagua wimbo. Maneno yalibaki Kilatini, na hilo lilikuwa upungufu wake kwa watu wa vijiji, lakini uchaguzi ule ulikuwa wa Kiafrika kweli.

Sasa tujitazame wenyewe. Dominika moja, katika parokia moja tusiyotaka kuitaja, tulisikia kinanda cha umeme kikitoa ngoma ya mashine. Pigo lilikuwa moja tangu maandamano ya kuingia hata mwisho. Wakati wa kuomba toba watu walikuwa wameinamisha vichwa, mikono kifuani, lakini pigo liliendelea, na miguu ya vijana wa korali haikutulia. Mzee mmoja, mpigaji wa zamani, alikuwa ameketi kando ya ukuta. Nyuma ya Misa akatuuliza kwa sauti ya chini kama siku ile tulikuwa tunalia ao tunafurahi. Hatukupata jibu.

Mtu asidhani kwamba kosa ni mashine tu. Hata ngozi ya ng'ombe inaweza kupigwa bila akili. Kosa ni kusahau saa.

Misa ya Kikongo yenyewe ina mpango. Katika Utukufu, padri na watumishi wanacheza kuzunguka altare. Toba haiko mwanzoni. Inakuja nyuma ya mahubiri na Nasadiki. Kisha watu wananyunyiziwa maji na kupeana amani. Ndipo matoleo yanapoletwa kwa mchezo. Mpango huu unafuata neno la Bwana: patana kwanza na ndugu yako, kisha rudi utoe sadaka yako. Basi, ngoma ya matoleo ni ngoma ya watu waliokwisha kupatana. Kama hawakupatana, ni kelele mbele ya altare.

Hapa Ituri neno hili si mchezo. Vita ya 1999 hata 2003 iliwagombanisha Wahema na Walendu, damu ikamwagika hata katika njia za Bunia. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalianza tena katika Djugu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya wakimbizi ya Savo, watu karibu 60 waliuawa. Mwaka mmoja barabara nyuma yake, tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko alisoma Misa ya Kikongo kule Ndolo, Kinshasa, na siku ileile akawapokea watu walioumizwa na vita, na wa kwetu Bunia walikuwamo. Asubuhi ngoma, jioni machozi: Kanisa lilibeba yote mawili, kila moja kwa saa yake.

Kwa hiyo tunaona hatari kubwa kupita ile ya kinanda. Sikukuu zinapofika, kila kabila linaandaa mchezo wake, linavaa nguo zake, linapigiwa makofi na watu wake. Wengine wanatazama tu. Hivi mchezo mzuri unakuwa ukuta.

Tunatoa mashauri matatu. Wakatekista wawaite wapigaji wazee, wawafundishe vijana kila pigo pamoja na sababu yake. Wakati wa toba vyombo vyote vinyamaze. Na kwa matoleo, wapigaji wasiwe wa kabila moja: wakae kama watu wa agwara, kila mtu na sauti yake, kila mtu akingoja ya mwenzake.

Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote. Nasi tucheze, lakini tujue kwanza kama mikono tuliyopeana amani ilikuwa na amani ndani yake.